Geji ya Uwiano wa Hewa na Mafuta: Niliyojifunza Katika Kuichagua, Kuifunga na Kuiamini

Injini ya petroli haitoi taarifa ya wazi kwamba imepungukiwa mafuta. Inaweza kuvuta vizuri, ikanguruma kwa sauti ya kupendeza, hata ikaongeza nguvu kidogo kadiri mchanganyiko unavyosogea kwenye hatari, kisha pistoni ikayeyuka ukingoni kabla dereva hajahisi lolote. Ndiyo maana nilipoamua kuweka nozeli kubwa zaidi na kuongeza shinikizo la turbo kwenye gari langu la silinda nne, kitu cha kwanza kununua hakikuwa nozeli wala pampu ya mafuta, bali geji ya uwiano wa hewa na mafuta inayotumia sensa ya waidibendi, yaani sensa yenye upeo mpana wa kupima. Katika kuichagua, kuifunga na kuitumia nimefikia msimamo mmoja ambao ndio ninaoutetea hapa: thamani ya geji hii haiko kwenye uso wake unaong'aa, iko kwenye njia nzima ambayo habari hupita kutoka ndani ya bomba la moshi hadi kwenye kompyuta ya injini, na namba yoyote inayofika mwisho wa njia hiyo inapaswa kuhakikiwa kabla haijatumika kubadilisha hata tone moja la mafuta.

Sensa ya oksijeni ambayo magari mengi ya petroli hutoka nayo kiwandani haitoshi kwa kazi hii, na inafaa kueleza sababu, kwa kuwa bado nakutana na watu wanaounganisha geji ya taa za rangi kwenye waya wa sensa hiyo wakiamini wamepata kipimo. Sensa hiyo, ambayo Bosch iliitengeneza na Volvo ikaanza kuifunga kwenye magari yake mwaka 1976, hutoa takriban volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani mafuta ni machache kuliko hewa iliyopo inavyohitaji, na takriban volti 0.9 ukiwa mzito, yaani mafuta yamezidi. Kati ya hali hizo mbili, karibu na volti 0.45, hupanda au kushuka kwa ghafla. Kwa kompyuta ya kiwandani hilo linatosha kabisa, maana kazi yake ni kuuchezesha mchanganyiko pembeni mwa 14.7 kwa 1, kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, mahali ambapo katalisti husafisha moshi vizuri zaidi. Anayetyuni, yaani anayerekebisha kiasi cha mafuta ambacho kompyuta huipa injini, ana swali jingine. Anataka kujua kama injini iliyo chini ya mzigo mkubwa inakula 11.5 au 12.8, na kwa sensa hii namba zote mbili huonekana karibu sawa, kwenye eneo la volti 0.85 hadi 0.9, huku joto la sensa lenyewe likitosha kubadilisha ile tofauti ndogo iliyobaki. Taa zitawaka kwa mpangilio mzuri, na hazitasema kitu.

Sensa ya upeo mpana hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake kuna kijichumba kidogo sana ambamo moshi hupenya kupitia tundu jembamba, na kuta zake zina seli mbili za kauri. Seli ya kwanza hutambua kama ndani ya kijichumba mna oksijeni iliyozidi au iliyopungua. Ya pili husukuma oksijeni kuingia au kutoka hadi hali irudi kwenye usawa. Kifaa cha kuidhibiti hupima mkondo wa umeme uliohitajika kuisukuma oksijeni hiyo, na mkondo huo ndio kipimo chenyewe. Ni kama mizani ya mawe, ambayo uzito wa mzigo hujulikana kwa mawe uliyolazimika kuweka upande wa pili. Ili kazi hii ifanyike sawasawa, kauri lazima ikae kwenye joto moja. Sensa ya Bosch LSU 4.9, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi siku hizi kwenye vifaa vya kutyuni, huendeshwa karibu nyuzi 780 za Selsiasi, na kidhibiti hulijua joto hilo kwa kupima ukinzani wa ndani wa seli, ambao kwenye joto hilo ni takriban omu 300. Basi anayenunua geji ya waidibendi ananunua vitu vitatu: sensa, kidhibiti na kionyeshi, hata kama viwili kati ya hivyo vimefichwa ndani ya kopo moja la duara.

Nilipokuwa nachagua nilianza na sensa, kwa kuwa ndiyo itakayochakaa na kubadilishwa. LSU 4.2 ni ya kizazi kilichotangulia, na bado ipo kwenye vidhibiti vya zamani. Hiyo hutegemea hewa safi ya kulinganishia inayopenya kwa kufuata nyaya zake, na tabia yake husogea kadiri inavyozeeka, hivyo huhitaji kupimishwa upya kila baada ya muda. LSU 4.9 hujitengenezea oksijeni yake ya kulinganishia na ni tulivu zaidi. Niliamua kwamba kidhibiti chochote kisichotumia 4.9 au sensa ya daraja lake kisiingie kwenye orodha yangu, na sijaona sababu ya kubadili uamuzi huo. Jambo jingine la kuangalia ni soketi ya sensa. Ndani yake mna rezista ndogo iliyorekebishwa kiwandani kwa ajili ya sensa ile moja, na kidhibiti huitumia kujua tabia yake. Anayekata soketi ili arefushe nyaya hutupa kipimo pamoja na plastiki. Nyaya zikiwa fupi, dawa ni kununua waya wa kurefushia wenye soketi pande zote mbili.

Vidhibiti navyo hutofautiana kwa namna vinavyoitumia habari hiyo. Geji ya Innovate MTX-L huomba sensa ipimishwe kwenye hewa huru wakati wa kuifunga: inaning'inizwa nje ya bomba, mbali na moshi na mvuke wa petroli, inapata joto, na kidhibiti kinaichukua hewa ya kawaida, yenye oksijeni karibu asilimia 20.9, kuwa alama ya kuanzia. Geji ya AEM X-Series hutegemea rezista iliyo kwenye soketi na haihitaji hatua hiyo. Kila njia ina watetezi wake. Mimi napendelea ile inayoniruhusu kuipimisha sensa mwenyewe, kwa sababu kila nikiirudia hunionyesha kama sensa imeanza kuchoka, lakini ninakubali kwamba kwa mtu asiyetaka kuivua sensa kila mara njia ya pili inampunguzia kazi na kumwondolea nafasi ya kuipimisha mahali penye moshi.

Kuhusu uso wa geji nitasema machache. Tarakimu kubwa husomeka kuliko mshale, na kipenyo cha milimita 52 hutoshea kwenye vishikizo vingi vya nguzo ya kioo cha mbele au dashibodi. Zaidi ya hapo, uso ni wa kumjulisha dereva kwamba jambo limeharibika ghafla. Si wa kutyunia. Hakuna anayeweza kutazama barabara, mzunguko wa injini, shinikizo la turbo na tarakimu zinazobadilika mara kadhaa kwa sekunde, kisha akakumbuka ni tarakimu ipi iliyotokea kwenye hali ipi. Kazi ya kutyuni hufanywa kwenye rekodi, na ili iingie kwenye rekodi geji lazima iwe na njia ya kutoa habari: volti 0 hadi 5, au mawasiliano ya kidijitali ya siriali, au CAN, mtandao wa kidijitali unaounganisha kompyuta za gari. Kama kompyuta ya injini inapokea CAN na kidhibiti kinaitoa, mimi ningechagua hiyo bila kusitasita, kwa sababu ambayo itaonekana nitakapofika kwenye waya wa ethi, yaani waya hasi unaounganishwa na bodi au injini.

Kuna uamuzi mmoja ambao watu wengi huuruka, nao ni kipimo gani kionyeshwe. Sensa haijui ni mafuta gani yamechomwa. Inachojua ni kama oksijeni imebaki au imepungua, na hilo huelezwa kwa lambda: 1.00 ni usawa kamili, chini ya hapo mchanganyiko ni mzito, juu yake ni mwepesi. Namba ya 14.7 ambayo wengi wameizoea hupatikana kwa kidhibiti kuizidisha lambda kwa 14.7, kana kwamba mafuta yote ulimwenguni ni petroli tupu. Petroli iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10 husawazika karibu na 14.1, mchanganyiko wa E85 karibu na 9.8, ethanoli tupu karibu na 9.0, methanoli karibu na 6.4. Hata hivyo geji iliyopangwa kwa petroli itaandika 14.7 kwa mafuta yote hayo yakiwa kwenye usawa. Mtu akisoma mahali fulani kwamba E85 inataka uwiano wa 9.8 akaufukuza kwenye geji ya petroli, ataimwagia injini mafuta hadi plagi zizimike. Nilihamia lambda tangu mwanzo, na imenirahisishia mazungumzo na yeyote anayetumia mafuta tofauti na yangu, 0.80 ni 0.80 kwa wote. Katika maelezo yanayofuata nitatumia namba za petroli pale tu ambapo wasomaji wengi wamezizoea.

Mahali pa kuiweka sensa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi wa kufikiri kabla ya kugusa chombo chochote. Kwa injini yenye turbo, sensa hukaa baada ya turbo, si kabla yake, kwa kuwa shinikizo kubwa lililopo kati ya injini na turbo huongeza mkondo wa sensa na kuifanya itie chumvi kwenye kipimo, na joto la huko huifupishia maisha. Hukaa pia kabla ya katalisti, kwa maana katalisti hubadilisha moshi ambao ndio tunaotaka kuupima. Umbali unaopendekezwa na watengenezaji hutofautiana, lakini sentimita 60 hadi 90 baada ya turbo ni eneo ambalo wengi wao hawalikatai. Ikiwa karibu mno inaungua. Ikiwa karibu na mdomo wa nyuma wa ekzosi, hewa ya nje hurudi ndani injini inapozunguka polepole, na kipimo huonekana chepesi kuliko ukweli. Na lazima ikae upande wa juu wa bomba, ncha ikielekea chini, ikiinuka angalau nyuzi 10 juu ya mstari wa mlalo, ili maji yanayojikusanya bombani injini ikiwa baridi yasiirukie kauri yenye moto. Tone moja la maji kwenye kauri ya nyuzi mia saba na ushee linatosha kuipasua, na ufa huo hauonekani kwa macho.

Sikuiondoa sensa ya kiwandani ili kuipa ya waidibendi nafasi yake. Vidhibiti vingi vina waya wa pili unaoiga volti za sensa ya kawaida, na watu huutumia, lakini kompyuta ya kiwandani huangalia pia kipasha joto cha sensa yake, na inapokikosa huwasha taa ya injini. Tundu jipya ni kazi ya mara moja.

Nililishusha bomba lote kutoka kwenye gari kabla ya kulitoboa, ili chembe za chuma zisiingie kwenye katalisti na ili betri na kompyuta zisiwe karibu na mkondo wa mashine ya kuchomelea. Mahali nilikuwa nimepaweka alama bomba likiwa bado garini, baada ya kuhakikisha kwamba sensa ikiwa ndani haitagusa sakafu wala shafti, na kwamba spana itapata nafasi ya kuzunguka. Nilianza na tundu dogo la kuongozea, nikalipanua kwa keekee ya ngazi hatua kwa hatua, nikiijaribisha nati ya kuchomelea kila mara hadi ilipoketi bila kucheza. Uzi wa sensa hizi ni M18 wenye hatua ya milimita 1.5. Kabla ya kuchomelea, nati ilifungwa kizibo chake cha chuma hadi mwisho, kwa kuwa nati tupu ikipata joto hujikunja kidogo na uzi ukakataa sensa. Fundi aliyeichomelea alishona vipande vifupi, upande huu kisha upande wa pili, akiacha chuma kipumue katikati ya kipande na kipande. Bomba lilipopoa kabisa alikitoa kizibo, nikaiingiza sensa kwa vidole peke yake, ikazunguka bila kukwama hadi washa yake ikagusa chuma. Hapo ndipo nilipoikaza, ndani ya kiwango cha Nm 40 hadi 60. Sensa mpya huja na grisi maalumu kwenye uzi. Ikilazimu kuongeza nyingine, iwe chache na isiguse ncha. Silikoni ya kuzibia gasketi isikaribie bomba hilo hata kidogo, maana mvuke wake huua sensa, sawa na petroli yenye risasi, oili inayopita kwenye ringi zilizochoka, na kipoza injini kinachovuja kupitia gasketi ya kichwa.

Uvujaji wa moshi unastahili aya yake. Mtu hudhani kwamba ekzosi inapovuja, moshi hutoka tu. Kumbe moshi husafiri kwa mapigo, na baada ya kila pigo huja mvuto mdogo unaoingiza hewa ya nje kupitia ufa uleule. Hewa hiyo ina oksijeni, sensa inaiona, na geji inaandika mchanganyiko mwepesi. Nilikutana na hali hiyo kwenye gari langu: injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kipimo kilionyesha 15.8, lakini plagi zilikuwa na masizi na moshi ulinuka petroli. Gari likiwa kwenye mzigo, kipimo kilirudi kwenye namba za kuaminika. Dalili hiyo ya kuwa mwepesi chini na sahihi juu ilinituma kwenye maungio ya turbo na bomba, na pembeni mwa gasketi nikakuta mstari mweusi wa masizi usiozidi urefu wa kidole, mwembamba kiasi kwamba ungepita bila kuonekana kama ngao ya joto isingeondolewa. Gasketi mpya ilirudisha kipimo mahali pake bila mimi kugusa jedwali la mafuta, lile ambalo kompyuta hulisoma kujua kiasi cha mafuta cha kila hali ya injini. Tangu hapo, ninapoombwa kutazama gari la mtu ambalo linasoma wepesi bila kukanyagwa mafuta, ekzosi huangaliwa kabla ya kompyuta.

Sasa umeme, ambako naona ndiko usahihi mwingi hupotelea. Kipasha joto cha sensa huvuta ampea 2 hadi 3 kinapoanza, kwa hiyo waya wa chanya usichukuliwe kutoka kwenye redio au taa ya dashibodi. Nilivuta waya kutoka kwenye saketi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa, ukapitia rilei yake na fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye maelekezo ya kidhibiti. Ni vizuri kidhibiti kipate umeme kila injini inapofanya kazi, hata siku ambayo hakuna anayetyuni, kwa sababu sensa iliyoachwa bombani ikiwa baridi hufunikwa na masizi na kufa mapema. Mwenye gari anayetaka kuihifadhi sensa yake kwa siku ya kutyuni tu aitoe na kuziba tundu kwa kizibo.

Waya wa ethi ndio uliohitaji akili zaidi. Habari inapotoka kwa volti, kompyuta hupima tofauti kati ya waya wa habari na ethi ya kompyuta, wakati kidhibiti kilizitoa volti hizo kikijilinganisha na ethi yake chenyewe. Ethi hizo mbili zikiwa sehemu tofauti za bodi, mkondo wa taa, feni na pampu unaopita kwenye bodi huziachanisha kidogo. Kwenye MTX-L, ambayo kwa mpangilio wake wa kiwandani volti 0 ni 7.35 na volti 5 ni 22.39, kila volti 1 ni takriban 3 za uwiano. Tofauti ya volti 0.15 tu ni karibu 0.45. Nililiona hilo kwa macho yangu kwenye gari lililokuwa limefungwa na karakana moja: uso wa geji ulisema 11.9, kompyuta ilirekodi 12.3 kwa wakati uleule, na feni ilipowaka tofauti ikaongezeka. Tuliweka ncha moja ya kipima volti kwenye ethi ya kidhibiti, iliyokuwa imefungwa kwa skrubu ya dashibodi, na nyingine kwenye ethi ya kompyuta, tukawasha taa kubwa na feni, na zile volti 0.1 na ushee zikajitokeza kwenye skrini. Mwenye gari hilo alikuwa karibu kuongeza mafuta kwa injini isiyohitaji. Ethi ya kidhibiti ilipohamishiwa kwenye boliti ileile ya injini inayobeba ethi ya kompyuta, namba mbili zikakubaliana. Mawasiliano ya kidijitali hayana udhaifu huu, kwa kuwa yanabeba namba na si kimo cha volti, na ndiyo sababu niliyoiahidi ya kuchagua CAN inapopatikana.

Hata ethi ikiwa sawa, kompyuta inahitaji kuambiwa volti fulani ni uwiano upi, na hapa orodha iliyomo ndani ya programu isiaminiwe kwa jina tu. AEM X-Series hutumia kanuni ya volti mara 2.375 jumlisha 7.3125, tofauti na geji ya zamani ya kampuni hiyohiyo ambayo ilikuwa volti mara 2 jumlisha 10. Anayechagua jina sahihi la kampuni na toleo lisilo sahihi la geji atapata namba zinazofanana na ukweli kiasi cha kumpumbaza: volti 2.0 ni 12.06 kwa kanuni moja na 14.0 kwa nyingine. Mimi hulinganisha uso wa geji na rekodi ya kompyuta kwenye sehemu mbili zilizo mbali, moja nzito na moja nyepesi, kwa kuwa kulingana kwenye sehemu moja kunaweza kuwa bahati.

Baada ya yote hayo ndipo kutyuni kunaanza, na kazi inakuwa na utulivu unaopendeza. Rekodi hubeba mzunguko wa injini, shinikizo la manifoldi, kiasi cha kukanyaga mafuta, joto la maji na la hewa, pamoja na lambda. Hesabu ya kurekebisha ni rahisi: kipimo kilichopatikana kigawanywe kwa kinachotakiwa. Kama kwenye seli fulani ya jedwali injini imesoma 12.6 na lengo ni 11.8, jawabu ni 1.068, basi mafuta ya seli hiyo huongezwa kwa karibu asilimia 7. Kinachohitaji uangalifu ni wakati. Moshi husafiri kabla ya kuifikia sensa, na sensa nayo huchukua muda kujibu, hivyo namba inayoonekana sasa ni ya milipuko iliyokwisha kupita. Mzunguko ukiwa wa chini ucheleweshaji huo ni mkubwa zaidi kuliko ukiwa wa juu. Kwa sababu hiyo mimi hutumia tu sehemu za rekodi ambazo mguu umetulia, na sehemu za kukanyaga na kuachia ghafla ninaziacha kwa marekebisho yake maalumu.

Malengo yenyewe hutegemea injini, lakini kwa petroli eneo linajulikana. Injini isiyo na turbo hutoa nguvu yake kubwa karibu na lambda 0.86 hadi 0.90, yaani takriban 12.6 hadi 13.2. Yenye turbo, chini ya shinikizo, huwekwa nzito zaidi, karibu na 0.78 hadi 0.82, kwa kuwa mafuta ya ziada hupoza chumba na kuzuia kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe vibaya ndani ya silinda. Kwenye mwendo wa kawaida barabarani 1.00 inatosha. Mimi huanza upande mzito na kusogea taratibu, shinikizo likiwa dogo kwanza, na sijawahi kuona faida iliyoletwa na haraka katika hatua hiyo.

Geji hii ina mambo mawili ambayo haiwezi kuyaona, na afadhali yajulikane mapema. La kwanza ni silinda isiyowaka. Plagi ikikosa moto, petroli na oksijeni yote ya silinda hiyo hutoka bila kuungua. Sensa huiona oksijeni na kuandika wepesi, wakati tatizo ni koili au plagi. Kipimo kinachoruka ghafla kuelekea wepesi huku injini ikisitasita kinanipeleka kwenye moto kwanza, si kwenye mafuta. La pili ni kwamba sensa moja hupima moshi wa silinda zote uliochanganyika. Nozeli moja iliyoziba nusu inaweza kuiacha silinda yake katika hatari, huku tatu nyingine zikiwa nzito kidogo na wastani ukionekana mzuri. Dawa ya hilo ni kupeleka nozeli kupimwa mtiririko kabla ya kuzifunga, na kuzitoa plagi baada ya majaribio ya mzigo ili kuzilinganisha moja kwa nyingine chini ya mwanga mzuri. Plagi moja nyeupe kuliko wenzake ni habari ambayo geji haikuweza kuitoa.

Sensa yenyewe ni kitu cha kuchakaa, na hufa polepole zaidi kuliko ghafla: huanza kujibu kwa kuchelewa, kisha kipimo chake husogea. Njia yangu ya kuichunguza bila kuitoa ni kutumia ukataji wa mafuta. Gari likiwa kwenye gia, mzunguko uko juu na mguu umeachia kabisa, kompyuta nyingi hufunga nozeli, na bomba likajaa hewa tupu. Geji lazima ikimbilie mwisho wa upande mwepesi mara moja na kukaa hapo. Sensa ilipokuwa mpya nilihifadhi rekodi ya tukio hilo, ikionyesha ilichukua muda gani kufika na ilikomea wapi, na hulinganisha rekodi mpya na ile ya kwanza kabla ya kila kazi ya kutyuni. Ikichelewa wazi kuliko ile ya kwanza, au ikikomea chini ya pale ilipokuwa ikifika, na ekzosi imethibitishwa kuwa haivuji, sensa mpya hufungwa na kupimishwa kwenye hewa huru, na jedwali la mafuta hubaki kama lilivyo hadi hapo.